Mafuta ya Baisikeli na Maji ya Mchangani

(Mazungumzo kwa wenye baisikeli na mafundi wa Lodwar na Kakuma)



Wazee walisema, "Chombo hakiendi ila kwa nyenzo." Mashua hutaka upepo na tanga, mkokoteni hutaka punda, na baisikeli hutaka miguu yenye nguvu pamoja na mafuta kidogo. Miguu kila mtu anayo. Habari ya mafuta ndiyo inayostahili kuzungumzwa, kwa maana wengi huyatia bila kuuliza ni mafuta ya namna gani, yatiwe wapi, na yakidondoka yaenda wapi.

Nchi ya Turkana ni nchi ya masafa marefu. Toka Lodwar hata Kakuma ni mwendo wa kilomita 120 hivi kwa barabara kuu iendayo mpakani mwa Sudan Kusini. Katika Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, na katika makao ya Kalobeyei yaliyofunguliwa mwaka 2016, wanakaa watu zaidi ya 200,000, mbali na wenyeji wenyewe. Huko, na katika mji wa Lodwar pia, baisikeli imebeba abiria, madumu ya maji, magunia ya mkaa, posho ya chakula na watoto waendao shule. Siku hizi pikipiki ni nyingi, nazo zimewachukua abiria wengi. Walakini baisikeli haikuondoka, maana haili petroli, na kijana asiye na mtaji mkubwa aweza kuinunua na kuanza kazi.

Basi swali la mafuta ya mnyororo laonekana kuwa dogo, lakini katika nchi kavu kama hii lagusa mambo matatu makubwa: maji ya kunywa, ngozi ya fundi, na mfuko wa mwenye baisikeli. Yafaa kuyatazama moja moja.

MAJI HUTOKA MCHANGANI

Mji wa Lodwar umekaa kando ya mto Turkwel, ambao chanzo chake ni mlima Elgon. Kakuma iko kando ya mto Tarach. Mito hii si kama mito ya nchi za mvua. Mto Tarach hujaa kwa ghafula wakati wa mvua, ukapita kwa kishindo, kisha ukakauka na kuacha mchanga mtupu. Lakini maji hayakuisha. Yamejificha chini ya mchanga, na kina mama huchimba mashimo, wakateka kwa kata, wakanywa wao na watoto na mifugo. Visima vya pampu vilivyochimbwa kando ya mito hiyo navyo hupata maji yake kwa njia hiyo hiyo, kwa maji ya mto kuzama mchangani.

Mchanga huo, basi, ndio mtungi wa watu wa Turkana. Wala hakuna mtungi mwingine wa karibu. Maji ya Ziwa Turkana yana magadi na chumvi, hayafai kunywewa. Mnamo Septemba 2013 ilitangazwa habari njema ya maji mengi yaliyo chini sana ya ardhi katika tambarare ya Lotikipi, lakini baadaye yalipopimwa yalionekana kuwa na chumvi nyingi. Kwa hiyo maji matamu yaliyo karibu na uso wa mchanga ni mali ya kutunzwa.

Sasa mtu atasema, "Tone moja la mafuta ya baisikeli litadhuru nini?" Ni kweli kwamba tone moja ni dogo. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Fundi mmoja huosha minyororo mingi kwa siku, akamwaga mafuta ya taa machafu nyuma ya kibanda chake. Jirani yake ni fundi wa pikipiki ambaye humwaga oili chini. Kijito chao cha mchanga hupokea vyote, na siku ya mafuriko maji huvichukua mpaka mtoni. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani imeeleza kwamba oili inayotolewa katika gari moja kwa mara moja tu yaweza kuharibu galoni 1,000,000 za maji matamu. Katika nchi ya mvua nyingi hasara hiyo ni kubwa, na mahali ambapo maji huchotwa kwa kata shimoni ni kubwa zaidi.

UBAYA WA OILI CHAFU

Katika vibanda vingi vya baisikeli, si Turkana tu bali Afrika ya Mashariki nzima, mafuta yanayotumika zaidi ni oili chafu, yaani ile iliyokwisha kutumika katika injini ya gari au pikipiki. Sababu yake yajulikana: hupatikana bure au kwa bei ya chini sana. Hapana haja ya kuwalaumu wanaoitumia. Lakini yafaa wajue ni kitu gani walicho nacho mkononi.

Oili ikikaa katika injini hupikwa na moto siku nyingi. Hukusanya masizi, mabaki ya petroli iliyoungua, asidi, na unga mwembamba wa chuma uliosagika katika injini. Hiyo ndiyo sababu ya weusi wake. Oili hiyo ilipopakwa mara kwa mara katika ngozi za panya wa majaribio, iliwaletea saratani ya ngozi. Fundi ambaye mikono yake imelowa oili chafu tangu asubuhi mpaka jioni, mwaka hata mwaka, kisha akala kwa mikono hiyo hiyo, anajiletea hatari isiyo ya lazima. Na mtoto anayefundishwa kazi kibandani anaianza hatari hiyo mapema zaidi.

Oili hiyo haiupendezi hata mnyororo wenyewe. Ule unga wa chuma na masizi ni kama tupa ndogo ndogo. Tena ni nzito na yanata, na katika Turkana kitu kinachonata hukusanya mchanga mara moja. Mtu aliyetia oili chafu asubuhi Lodwar, jioni ataona mnyororo wake umevaa koti jeusi la mafuta na vumbi. Hudhani kwamba mnyororo umeshiba mafuta, kumbe umeshiba mchanga.

KAZI YA MNYORORO

Mnyororo wa baisikeli ni chombo cha akili nyingi. Namna yake ya sasa ilivumbuliwa na Hans Renold katika mji wa Manchester, Uingereza, mwaka 1880, nayo haikubadilika sana. Kila pingili ina pini ndogo. Pini hiyo huzunguka ndani ya bomba dogo, na juu ya bomba kuna kigurudumu kinachoketi juu ya meno. Basi msuguano wote huwa ndani, kati ya pini na bomba, na kati ya bomba na kigurudumu. Huko ndani ndiko mafuta yanakotakiwa. Mafuta yaliyo nje ya pingili hayana kazi yo yote ila kuzuia kutu kidogo na kuukaribisha mchanga.

Chembe za mchanga wa mtoni ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Zikichanganyika na mafuta na kuingia ndani, hula pini na bomba pole pole. Kila pini huliwa kidogo sana, lakini mnyororo wa baisikeli kubwa ya kawaida una pingili 112 hivi, na upungufu wa zote ukijumlishwa, mnyororo huwa mrefu. Hiyo ndiyo maana ya watu kusema kwamba mnyororo "umevutika". Chuma hakikuvutika, kimeliwa. Mnyororo mrefu huruka juu ya meno, kisha huyala meno yenyewe, na hapo mwenye baisikeli hununua si mnyororo tu, bali gurudumu la meno la mbele na friwili ya nyuma pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kupima mnyororo ni kazi rahisi. Azima utepe wa fundi wa cherehani, ambao una inchi. Hesabu pingili 24, ukipima toka katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya mwisho. Mnyororo mpya hupata inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja katika sehemu kumi na sita za inchi, umeanza kuchoka. Ukizidi kwa sehemu moja katika sehemu nane, ubadilishe kabla haujaharibu meno.

MAFUTA AMBAYO ARDHI YAWEZA KUYALA

Mafuta ya petroli na mafuta ya mimea hutofautiana jambo moja kubwa. Yakidondoka ardhini, viumbe vidogo vya udongo visivyoonekana kwa macho huyala. Mafuta ya mimea huliwa upesi, lakini yale ya petroli huchelewa sana, na yakiwa na madini ndani yake, hata yakiliwa, madini hubaki. Wataalamu wana kipimo chao: katika jaribio moja linalotumika sana ulimwenguni, kitu huhesabiwa kuwa huoza kwa urahisi kikiwa kimevunjwa kwa asilimia 60 katika muda wa siku 28. Mafuta mengine ya baisikeli yauzwayo katika madukani ya miji mikubwa na ng'ambo huandikwa chupani kwamba yamefaulu kipimo cha namna hiyo. Mwenye kuyapata na ayanunue. Lakini wengi wa Lodwar na Kakuma hawawezi kuyapata kwa urahisi, na kwa hiyo yafaa kutazama vitu vilivyo karibu.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani walitunza majahazi yao kwa karne nyingi kwa sifa, yaani mafuta ya papa, na kwa deheni, ambayo ni shahamu iliyochanganywa na chokaa na kupakwa chini ya chombo. Waturkana nao kwa desturi yao hupaka mafuta ya mifugo katika ngozi zao za kuvaa ili zilainike. Hakuna aliyewafundisha haya kwa kitabu. Walakini si kila mafuta yafaayo jahazi au ngozi yafaa mnyororo, na hapa yapasa kusema kweli juu ya kila moja.

Mafuta ya kupikia, kama ya alizeti, hupenya vizuri siku ya kwanza. Lakini yakipigwa na hewa na jua huganda yakawa kama gundi au rangi iliyokauka. Mtu akiyatumia kwa dharura, ayafute na kusafisha mnyororo baada ya siku chache. Mafuta yaliyokwisha kukaangia yasitumike kabisa, maana yana chumvi na makombo.

Mafuta ya kondoo na ya ng'ombe ni laini, lakini huvunda, huleta asidi inayokula chuma, tena huwaita siafu na mbwa. Yaachwe kwa kazi yake ya kale.

Mafuta ya nazi ni mepesi, nayo hayagandi kama gundi kwa upesi. Watu wa nchi baridi hawayapendi kwa sababu huwa magumu joto likipungua chini ya nyuzi 24 hivi. Lakini Lodwar joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na usiku si baridi, kwa hiyo huko hubaki majimaji. Upungufu wake ni kwamba huisha upesi, na lazima yatiwe mara kwa mara, kila juma kwa baisikeli ya kazi.

Mafuta ya nyonyo, yatokayo katika mbegu za mbarika, ni mazito na yana nguvu ya kushika chuma kuliko mafuta mengine ya mimea. Katika vita vya mwaka 1914 mpaka 1918 injini za eropleni nyingi zilitiwa mafuta hayo, na jina la oili ya Castrol, lililoanza mwaka 1909, lilitokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Kwa kuwa ni mazito kama asali, chupa yake iwekwe juani kidogo kabla ya kutia, au mafuta yachanganywe na ya nazi ili yapenye. Lakini onyo kubwa lapasa kutolewa hapa. Mbegu za mbarika zina sumu kali. Mafuta safi ya dukani hayana sumu hiyo, bali mashudu yanayobaki baada ya kukamua huwa nayo. Mtu asitwange mbegu hizo nyumbani penye watoto, wala asitupe mashudu mahali ambapo mbuzi watayala.

NTA KWA NCHI YA VUMBI

Katika vitu vyote, kile kinachofaa zaidi kwa nchi ya mchanga si mafuta ya majimaji, ila ni nta. Nta ikikauka hainati, na vumbi halipati pa kushika. Mwenye baisikeli akigusa mnyororo wake, kidole hakichafuki.

Mishumaa ya dukani hutengenezwa kwa nta itokayo katika petroli. Watu wa Turkana wameiona nta ya namna hiyo kwao wenyewe: mafuta yaliyogunduliwa karibu na Lokichar mwaka 2012 yana nta nyingi hata huganda yakipoa, na yale yaliyopelekwa Mombasa kuanzia mwaka 2018 yalichukuliwa katika matangi maalumu ya kutunza joto. Nta safi ya mshumaa haina madini ya oili chafu, wala haitiririki kwenda kisimani. Ikianguka huanguka kama magamba makavu. Nta ya nyuki ni bora zaidi kwa ardhi, lakini peke yake hunata kidogo. Yafaa kuchanganya sehemu moja ya nta ya nyuki na sehemu nne au tano za nta ya mshumaa.

Namna ya kufanya ni hii. Vua mnyororo kwa kutoa kile kibanio cha pingili ya kufungia. Usugue kwa mswaki wa zamani na maji ya moto yenye sabuni, mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke safi na mafuta yote ya zamani yaondoke. Ukaushe juani kabisa. Weka nta katika kopo, na kopo hilo uliweke ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka. Usiweke kopo la nta juu ya moto wenyewe hata mara moja, kwa maana nta yaweza kuwaka, na watu wameungua kwa haraka ya namna hiyo. Nta ikiyeyuka, zamisha mnyororo. Povu dogo litapanda. Ni hewa inayotoka ndani ya pingili. Povu likiisha, utoe mnyororo kwa waya, uuning'inize mpaka upoe, kisha uukunje kunje kwa mikono na kuurudisha mahali pake.

Nta nayo ina upungufu. Yataka kazi nyingi mara ya kwanza, na mvua ikinyesha haizuii kutu kama mafuta. Yapasa kurudiwa kila baada ya kilomita 200 au 300. Tena baisikeli isiachwe juani mchana kutwa, maana chuma cheusi hupata joto kali, na nta ikalainika. Iwekwe kivulini, jambo ambalo hufaa hata kwa mipira.

NAMNA YA KUTIA MAFUTA

Asiyekuwa na nafasi ya kutia nta, na atie mafuta ya mimea kwa utaratibu huu.

Kwanza, afute mnyororo kwa tambara kavu mpaka mchanga wa nje uondoke. Kutia mafuta juu ya mchanga ni kusukuma mchanga ndani.

Pili, atie tone moja tu juu ya kila kigurudumu cha pingili, upande wa ndani wa mnyororo, huku akizungusha pedeli kinyume pole pole. Asimwage.

Tatu, angoje robo saa ili mafuta yapenye.

Nne, afute tena kwa tambara mpaka nje pawe pakavu. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu wengi huiacha, nayo ndiyo iliyo kubwa kuliko zote katika nchi ya vumbi. Mafuta yote yanayohitajika yamekwisha kuingia ndani, na yale yaliyobaki nje ni mtego wa mchanga.

Mafuta yasiguse rimu wala mipira ya breki, maana baisikeli yenye mzigo isiyoshika breki ni hatari kwa mwendeshaji na kwa watu wa njiani. Gololi za magurudumu, za pedeli na za usukani zisitiwe mafuta mepesi. Zatiwa grisi kidogo, nayo hukaa ndani muda mrefu bila kudondoka. Baisikeli nyingine za zamani zina kijitundu chenye kifuniko katikati ya gurudumu kwa ajili ya mafuta. Kifuniko hicho kikipotea, kitundu kizibwe, kisije kikawa mlango wa mchanga.

HESABU YA FEDHA

Sasa lirudiwe neno la fundi asemaye, "Oili chafu ni bure, na mafuta mazuri yanunuliwa." Neno hili lina haki ya kujibiwa kwa hesabu.

Matone 112, tone moja kwa kila pingili, hayazidi mililita 6 hivi. Chupa ya mililita 100, basi, hutosha kutia mafuta mara 16 au zaidi. Mwenye kutia kila juma atakaa nayo karibu miezi minne. Mshumaa mmoja hugharimu fedha kidogo, na kopo moja la nta huzamisha minyororo ya watu kadhaa, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo vijana watano wa boda boda wakishirikiana, kila mmoja atalipa kidogo sana.

Upande wa pili, oili ya bure hulipwa baadaye: kwa mnyororo unaoliwa kabla ya wakati wake, kwa friwili, kwa meno ya mbele, na kwa siku ya kazi iliyopotea wakati baisikeli iko kwa fundi. Zaidi ya hayo, dumu la maji safi lina bei yake Kakuma na Lodwar, na kila mwenye kulisukuma katika mchanga aijua bei hiyo kwa mabega yake.

Na fundi naye asidhani kwamba atapoteza wateja. Fundi anayejulikana kwamba minyororo ya mkononi mwake hudumu, ndiye watu watakayemtafuta. Kazi ya kutia nta ni kazi mpya ya kulipiwa, nayo yataka ustadi, moto, sufuria na subira, si bahati.

WAJIBU NA SHERIA

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 43 chataja haki ya maji safi na salama. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo yakataza mtu kutupa taka kwa namna ya kuchafua mazingira au kudhuru afya ya watu. Sheria hizo ni za mwenyeji na za mkimbizi sawasawa, za mwenye gari kubwa na za fundi wa chini ya mti.

Mambo yanayotakiwa kufanywa kibandani si mengi. Oili chafu iliyopo isimwagwe chini wala mtoni, bali iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na ipewe wenye kukusanya oili chafu kwa kazi iliyoruhusiwa. Mafuta ya taa yaliyooshea mnyororo yaachwe yatulie katika chupa. Uchafu utazama, na mafuta ya juu yatatumika tena mara nyingi. Maji ya sabuni yamwagwe mbali na mto na visima. Matambara yenye mafuta ya mimea yasirundikwe pamoja mahali pa joto, maana yaweza kushika moto yenyewe; yatandazwe yakauke. Na kila fundi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Jambo la kwanza laweza kuanza leo, wala halihitaji fedha. Kila mwenye baisikeli achukue tambara kavu, afute mnyororo wake, kisha aupime kwa utepe. Akiisha kujua hali yake, atachagua nta, au nyonyo, au nazi, kwa kadiri ya uwezo wake. Walimu wa shule za Lodwar, Kakuma na Kalobeyei wafaa kuwaonyesha vijana kazi hii, na wenye vibanda wafaa kuwekeana agano kwamba tangu sasa hakuna atakayemwaga oili kandokando ya Tarach wala Turkwel. Kina mama watakaochimba maji mchangani mwezi ujao watakuwa wa kwanza kupata faida yake.